Maswali ya Wasomaji: Mbegu za Nyasi za Uwanja Katika Majira ya Pukutizi

Katika toleo lililopita tuligusia kwa ufupi upandaji wa nyasi za uwanja kabla ya baridi kuingia, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua zile ambazo maswali yake yamerudiwa na wengi. Kabla ya kuanza, tuelewane kuhusu neno moja. Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili vuli ni msimu wa mvua ndogo, ilhali vitabu vya jiografia hulitumia neno hilo hilo kwa majira yanayofuata kiangazi katika nchi za baridi. Ili tusichanganyane, hapa tutasema pukutizi, yaani miezi ambayo miti hupukutisha majani: Septemba hadi Novemba kaskazini mwa dunia, na Machi hadi Mei kusini mwake.

Swali: Ndugu mhariri, siku zote nimeamini kwamba mbegu hupandwa baridi inapoisha. Sasa nasoma kwamba nyasi zipandwe pukutizi, wakati baridi ndiyo kwanza inabisha hodi. Kuna hekima gani ya kuuzaa mche kisha kuukabidhi kwa baridi? Na tarehe hasa ya kupanda ni ipi? — *Mwenye shaka*

Jibu: Shaka yako ina msingi, kwa sababu ukipanda mahindi wakati huo utayapoteza yote. Nyasi za nchi za baridi, hata hivyo, hazina tabia za mahindi. Raigrasi, fesikyu na nyasi ya Kentucky hukuza majani kwa nguvu hewa ikiwa na nyuzijoto 16 hadi 24 za Selsiasi, na mizizi yake hupenda ubaridi zaidi ya hapo, yaani udongo wenye nyuzi 10 hadi 18. Kiangazi ndicho kinachozitesa. Majira ya baridi huzilaza tu.

Pukutizi inapoingia, hewa hupoa upesi lakini udongo hupoa taratibu, kwa kuwa umejiwekea joto la kiangazi kizima. Chomeka kidole ardhini asubuhi yenye baridi na utakuta uvuguvugu ambao hewa imekwisha kuupoteza. Kwa wiki kadhaa, basi, mbegu huwa na joto la kuotea chini yake na ubaridi wa kukulia juu yake, jambo ambalo halitokei tena mwaka mzima. Majira ya machipuko mambo hugeuka: jua linachoma mgongo wako huku udongo ukiwa bado baridi na umelowa chepechepe, mbegu inachelewa, na mche uliochelewa hukutwa na kiangazi kabla haujashusha mizizi ya kutosha.

Kuna na suala la magugu. Magugu mengi ya kiangazi yanayoishi mwaka mmoja, hasa yale ya jamii ya *Digitaria* ambayo masuke yake yamechanua kama vidole vya mkono, huota udongo unapopata joto na hufa kwa sakitu ya kwanza, ule umande unaoganda alfajiri. Anayepanda nyasi pukutizi humkuta adui huyo akifunga virago. Anayepanda machipuko huingia naye mlango mmoja.

Kuhusu tarehe, uliza kwanza sakitu ya kwanza hufika lini huko unakoishi, kisha hesabu siku 45 kurudi nyuma. Hapo ndipo mwisho wa kupanda bila wasiwasi. Ukiwa na kipimajoto cha udongo, kichomeke sentimita 5 chini wakati wa asubuhi: kikisoma kati ya 10 na 18, mbegu itaota vizuri, na kikizidi kidogo hapo hakuna neno, alimradi maji hayakosekani. Kikishuka chini ya 10, mbegu itaota kwa kusuasua, na kila wiki inayopotea ni wiki ambayo mzizi ulipaswa kuwa unashuka.

Swali: Bwana Shamba, nimesimama dukani mbele ya mifuko mitatu: mmoja wa jua, mmoja wa kivuli, na mmoja wa uwanja wa watoto kuchezea. Je, kuna tofauti ya kweli humo ndani au ni rangi ya mfuko tu? — *Mnunuzi mwangalifu*

Jibu: Ugeuze mfuko, usome nyuma. Picha ya mbele haina habari yoyote. Nyuma utakuta aina za nyasi na asilimia zake, na ukizijua tabia zake hutahitaji ushauri wa muuzaji.

Raigrasi ya kudumu (*Lolium perenne*) huota kwa siku 5 hadi 10 na huvumilia kukanyagwa, lakini humea kwa vishungi na haitambai kujaza mapengo. Nyasi ya Kentucky (*Poa pratensis*) ni kinyume chake: huchukua siku 14 hadi 30 kuota, ikamchosha mwenye haraka, ila ikishashika hupeleka mashina chini ya udongo na kuziba madoa yenyewe. Fesikyu ndefu hushusha mizizi mirefu na kustahimili ukame. Fesikyu zenye majani membamba kama sindano ndizo zinazovumilia kivuli na udongo usio na rutuba nyingi, na ndizo unazopaswa kuzikuta kwa wingi katika mfuko ulioandikwa kivuli. Ukikuta mfuko wa kivuli umejaa raigrasi, urudishe. Nao mchanganyiko wa aina mbili au tatu una faida yake, kwani ugonjwa unaoangamiza aina moja mara nyingi huiacha nyingine.

Angalia pia tarehe ya kupimwa kwa mbegu, asilimia ya uotaji, na asilimia ya mbegu za magugu, ambayo inapaswa kukaribia sifuri. Raigrasi ya mwaka mmoja ikiwa imechanganywa kwa wingi, jua kwamba unanunua kijani cha muda, kwa sababu itakufa na kukuachia mapengo. Jambo moja zaidi, kwa wenye mifugo: raigrasi na fesikyu ndefu nyingi za viwanja hubeba ndani yake kuvu wasioidhuru nyasi, ambao huwafukuza wadudu waharibifu. Kuvu hao hao huweza kumdhuru mnyama anayekula nyasi hizo, kwa hiyo farasi na ng'ombe wasifunguliwe humo.

Swali: Nina nusu gunia la mbegu lililobaki miaka mitatu iliyopita, limekaa stoo. Nilitupe? — *Asiyependa hasara*

Jibu: Usilitupe kabla ya kulijaribu. Hesabu mbegu 100, zipange juu ya karatasi ya jikoni iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikunje, iweke ndani ya mfuko wa plastiki na uiache mahali penye joto la kawaida la chumba. Fungua baada ya siku 10 ikiwa ni raigrasi au fesikyu, na baada ya wiki tatu au nne ikiwa ni nyasi ya Kentucky. Zile zilizotoa kamzizi keupe, zihesabu. Zikiwa 80, mbegu yako bado ni nzima. Zikiwa 50, panda mara mbili ya kiasi cha kawaida. Zikiwa chini ya hapo, nunua nyingine, kwa sababu mbegu zilizozeeka hata zikiota hutoa miche dhaifu. Stoo yenye unyevu na joto huua mbegu kuliko umri wenyewe.

Swali: Nyumba imekamilika, mafundi wameondoka, wameniachia vipande vya saruji na ardhi ngumu kama sakafu. Rafiki yangu anasema nimwage udongo mweusi sentimita mbili juu, nipande mbegu, basi. Ni sawa? — *Mhamiaji mpya*

Jibu: Rafiki yako anakutakia mema, ila ushauri wake utakupa uwanja wa miezi sita. Udongo laini ukikaa juu ya udongo ulioshindiliwa, maji huteremka hadi kwenye mpaka wa tabaka hizo mbili na kusimama hapo; mizizi nayo hufika hapo, ikagonga mwamba na kuanza kwenda kando. Jua la kwanza kali likija, sentimita hizo mbili hukauka na kila kitu kilichomo hukauka nazo.

Anza kwa kuokota. Saruji na chokaa ya ujenzi huupandisha udongo upande wa alkali, na nyasi hupendelea pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wa udongo, ya 6 hadi 7. Peleka sampuli ya udongo kwenye maabara ikiwezekana, kwa sababu kumwaga chokaa ya kilimo bila kupima, kama wengi wafanyavyo, ni kumpa mgonjwa dawa bila kumuuliza anaumwa wapi, na kwenye kiwanja kilichojengwa karibuni yaelekea sana kwamba chokaa ndicho kitu cha mwisho kinachohitajika. Baada ya hapo lima kina cha sentimita 10 hadi 15 udongo ukiwa na unyevu kiasi, usiwe umelowa. Chukua konzi moja, ifinye, kisha uiguse kwa kidole gumba: ikivunjika, lima, ikibonyea kama unga wa chapati, ahirisha. Tandaza mboji iliyoiva vizuri, unene wa sentimita 2 hadi 5, na uichanganye humo humo ili pasiwe na tabaka mbili. Sawazisha kwa reki, mteremko ukielekea mbali na kuta za nyumba.

Kisha usipande. Mwagilia na usubiri wiki mbili, ikiwa siku zako 45 zinakuruhusu. Udongo utatulia, mabonde yatajitokeza uyajaze, na mbegu za magugu ulizozifukua wakati wa kulima zitaota zote kwa pamoja. Zikwangue juu juu kwa jembe kali siku ya jua, bila kugeuza udongo upya. Wiki hizo mbili zitakuokolea miezi ya kung'oa magugu ukiwa umepiga magoti.

Siku ya kupanda, kanyagakanyaga uwanja kwa visigino au pitisha rola nyepesi. Wengi hushangaa wakiambiwa hivi, baada ya jasho lote la kulainisha, lakini kitanda kilicho laini mno huzama kikipata maji na kuzamisha mbegu. Kipimo chake ni nyayo zako: ukitembea juu yake, alama ya kiatu isizidi kina cha sentimita moja. Kwarua tena kidogo uso wake ubaki na chembe za ukubwa wa punje za choroko. Udongo uliosagwa ukawa kama vumbi huganda gamba mvua ikinyesha, na mche mwembamba hauwezi kulitoboa.

Swali: Mbegu kiasi gani kwa mita ya mraba, na zifukiwe kina gani? Mwaka jana nilimwaga kwa ukarimu, zikaota nene kama zulia, kisha zikafa. — *Mkarimu*

Jibu: Ukarimu ndio uliokuponza. Miche iliyobanana hugombea mwanga na maji, hewa haipiti kati yake, na ugonjwa ukiingia pembe moja hutembea hadi nyingine. Fesikyu ndefu hutaka gramu 30 hadi 40 kwa mita ya mraba, raigrasi gramu 25 hadi 35, fesikyu nyembamba gramu 15 hadi 25, na nyasi ya Kentucky gramu 10 hadi 15 tu. Tofauti hiyo inatokana na ukubwa wa mbegu, kwani gramu moja ya raigrasi ina mbegu zipatazo 500, ilhali gramu moja ya nyasi ya Kentucky ina mbegu elfu mbili na zaidi. Ukipanda juu ya nyasi zilizopo ili kuzijazia, nusu ya kiasi hicho inatosha.

Kabla ya kuanza, pima eneo kwa hatua, pima mbegu kwa mizani, na uzigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza litawanye ukitembea kutoka mashariki kwenda magharibi, la pili ukitoka kaskazini kwenda kusini, ili mahali ulipopunja safari ya kwanza pafidiwe ya pili. Kama unatumia mkono, changanya mbegu na mchanga mkavu kidogo. Utaona mchanga ulikoangukia, na mkono hautamwaga zote mahali pamoja.

Kuhusu kina, milimita 3 hadi 6 zinatosha, na sentimita moja ni kingo ya mwisho. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilipitisha reki kwa bidii ya mtu anayepalilia viazi, na kilichoota kilikuwa mistari ya kijani pale meno ya reki yalipokosa kufika. Igeuze reki chali, mgongo wake uburute juu ya udongo bila kuikandamiza. Ukiona kama mbegu moja kati ya kumi bado inaonekana, umefanya vyema. Pitisha rola mara moja tena, kwa maana mbegu iliyoshikana na udongo hunyonya maji kutoka kila upande, na iliyolala juu ya tonge la udongo huku chini yake mna uwazi hukauka hata baada ya mvua. Ukitaka kutandaza nyasi kavu juu, tumia mabua ya nafaka yaliyokwisha kupurwa, na yawe machache kiasi cha kuiona nusu ya ardhi. Majani makavu ya malisho yana mbegu zake yenyewe, nazo zitaota kwako.

Swali: Nilimwagilia kwa uaminifu kila siku. Siku ya tisa uwanja ukawa kijani, nikamshukuru Mungu na nikaacha maji. Sasa ni wiki ya tano na nina vishungi vilivyotawanyika, kati yake ni udongo mtupu. Mfuko ulikuwa mchanganyiko wa raigrasi na nyasi ya Kentucky. Mbegu zilikuwa mbovu? — *Aliyekata tamaa*

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Mbegu zilikuwa nzima, na wewe ulifanya kosa ambalo naliona kuliko yote mengine katika barua hizi. Kijani ulichokiona siku ya tisa kilikuwa raigrasi peke yake. Nyasi ya Kentucky ilikuwa bado chini, imenyonya maji, imevimba, labda imeanza kupasua ganda. Mbegu kavu inaweza kungoja miaka, lakini mbegu iliyokwisha kuamka na kutoa kamzizi haiwezi kulala tena. Ukiikausha siku moja au mbili katika hatua hiyo, imekufa. Ulifunga maji siku ile ile ambayo nusu ya familia ilikuwa mlangoni.

Mpango wa maji, basi, uufuate hivi, na uongozwe na mbegu inayochelewa kuliko zote katika mfuko wako. Tangu siku ya kupanda hadi aina ya mwisho iote, kazi ni kuufanya udongo wa juu, sentimita 1 hadi 2, uwe na unyevu muda wote. Hiyo ina maana ya kunyunyiza kidogo mara mbili au tatu kwa siku, asubuhi na mchana, kwa kinyunyizio chenye matone madogo, na kusimama kabla maji hayajaanza kutengeneza vidimbwi. Maji yanayotiririka huzisomba mbegu hadi bondeni, ndiyo maana watu hupata msitu upande wa chini na jangwa upande wa juu. Siku ya mvua, acha. Siku ya upepo mkavu, ongeza, hata kama ni baridi, kwa sababu upepo hukausha uso wa ardhi kuliko jua hafifu la pukutizi.

Aina ya mwisho ikishaota, badilisha mwendo polepole: punguza idadi ya mara, ongeza kiasi cha kila mara, ili mzizi uyafuate maji chini. Kufika wiki ya nne au ya sita baada ya kuota, mara moja au mbili kwa wiki zinatosha, jumla ya milimita 25 pamoja na mvua. Milimita 25 ni lita 25 kwa kila mita ya mraba; weka kopo tupu la bati chini ya kinyunyizio, upime kwa rula maji yamefika kimo hicho baada ya dakika ngapi, nawe utajua siku zote unatoa nini.

Kwa vishungi vyako, kwangua udongo ulio wazi, panda upya kwa kipimo cha nusu, na safari hii usiufunge mfereji mapema. Hayo ni ikiwa sakitu bado iko mbali. Kama imekaribia, soma jibu la mwisho la ukurasa huu.

Swali: Miche yangu ina wiki mbili, imekuwa kama uzi, na mingine inalala chini katika mabaka, shina likiwa limelainika karibu na ardhi. — *Mama wa bustani*

Jibu: Mama, hiyo ni dalili ya kuoza kwa miche, ugonjwa unaoletwa na vimelea vinavyofanana na kuvu, hasa *Pythium*, ambavyo hustawi kwenye udongo uliolowa na hewa iliyotuama. Acha kumwagilia jioni, kwani majani yakilala yameloa usiku kucha unavifuga mwenyewe. Mwagilia asubuhi, na sasa kwa kuwa miche imekwisha kutoka, ruhusu uso wa udongo ukauke kidogo kati ya mara moja na nyingine. Usiongeze mbolea ya nitrojeni kwa wakati huu. Mabaka yaliyokufa utayapanda upya. Yaliyo kando yake kwa kawaida hupona.

Swali: Juu ya uwanja wangu mpya kuna mti mkubwa, na majani yanaanguka kila siku. Niyaache yawe matandazo? — *Jirani wa mti*

Jibu: Kwenye nyasi zilizokomaa ungeweza kuyasaga kwa mashine ya kukatia yakageuka chakula cha udongo. Kwenye miche, hapana. Jani moja pana lililolowa na kubandika juu ya miche 20 huizuilia mwanga wakati ambapo siku zenyewe zimeshakuwa fupi, na ukilifunua baada ya wiki utakuta njano. Yaondoe kila siku mbili au tatu, yakiwa makavu, kwa reki nyepesi ya majani iliyoshikwa juu juu au kwa kipulizia kilichowekwa nguvu ndogo, ukiwa umesimama pembeni. Reki ya chuma usiiguse. Ukiweza kupanga, panda mapema kiasi kwamba nyasi ziwe zimekatwa mara moja kabla mti haujapukutisha kwa wingi. Chini ya mti wenyewe, chagua fesikyu nyembamba, na ukubali kwamba penye kivuli kizito kabisa hakuna nyasi itakayokubali.

Swali: Magugu yameanza kuota pamoja na nyasi. Nipige dawa? — *Mwenye hasira*

Jibu: Subiri. Dawa za magugu ya majani mapana huunguza miche ya nyasi, na kanuni ya kawaida ni kungoja hadi uwanja ukatwe mara tatu au nne. Mengi ya unayoyaona yatakufa kwa sakitu au kwa kukatwa, na machache yanayobaki yang'oe kwa mkono ukiwa umesimama juu ya ubao ili usichimbe mashimo. Hatari zaidi ni zile dawa za kuzuia mbegu zisiote: hazibagui mbegu ya gugu na mbegu ya nyasi. Kama uliiweka dawa ya namna hiyo mwishoni mwa kiangazi, soma kibandiko chake kabla ya kununua mbegu, kwa sababu nyingi huzuia uotaji kwa miezi miwili hadi minne.

Swali: Ni lini nikate mara ya kwanza, na ni lini niweke mbolea? — *Msomaji wa siku nyingi*

Jibu: Zikifika sentimita 8 au 9, zikate zibaki 6, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu. Shika jani moja na ulivute kwanza: likikatika, mzizi umeshika, likija na mche mzima, ahirisha wiki moja. Udongo uwe mkavu ili magurudumu yasizame, na kisu cha mashine kiwe kimenolewa, kwani kisu butu huing'oa miche badala ya kuikata.

Mbolea ya nitrojeni iwekwe wiki 4 hadi 6 baada ya kuota, gramu 2.5 za nitrojeni halisi kwa mita ya mraba. Kwa uwanja wa mita 100 za mraba hizo ni gramu 250, ambazo kwa urea yenye asilimia 46 ya nitrojeni ni kama gramu 540 za mbolea yenyewe. Itawanye juu ya majani makavu na umwagilie mara moja, la sivyo itayachoma. Fosforasi iwekwe wakati wa kulima, na kama tu vipimo vya udongo vimeonyesha upungufu.

Swali: Uwanja wangu ni wa ukoka. Kila baridi ikija hugeuka kahawia. Nimesikia unaweza kupandwa raigrasi juu yake. — *Mpenda kijani*

Jibu: Yawezekana. Ukoka (*Cynodon dactylon*) ni nyasi ya joto. Hulala baridi inapoingia, na rangi hiyo ya kahawia si kifo. Joto la usiku linaposhuka hadi nyuzi 13 hivi, kata ukoka chini kuliko kawaida, ondoa mabaki, na utawanye raigrasi gramu 25 hadi 50 kwa mita ya mraba. Bei yake utailipa majira ya machipuko, maana raigrasi yenye nguvu huukalia ukoka unapojaribu kuamka. Ikate chini na upunguze maji wakati huo. Uwanja wa ukoka ulio dhaifu au mpya usifanyiwe hivyo. Na kwa wale wanaoishi mahali pasipo na baridi kabisa, ukurasa huu wote hauwahusu sana: ukoka na jamaa zake hupandwa udongo ukiwa na joto la nyuzi 20 na kuendelea, mwanzoni mwa mvua.

Swali: Nimechelewa. Sakitu inatarajiwa baada ya wiki mbili na mbegu ziko mkononi. Nipande leo? — *Mchelewaji*

Jibu: Leo ndiyo siku mbaya kuliko zote. Mbegu zitaota, miche itakuwa na jani moja na mzizi wa sentimita mbili, kisha ardhi itaganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka, na kila mara udongo unapotutumka utaisukuma miche juu hadi mizizi ibaki hewani.

Andaa ardhi sasa, kisha weka mbegu zako mahali pakavu na ungoje hadi udongo ushuke chini ya nyuzi 5, siku ambazo ukigusa ardhi vidole vinakufa ganzi lakini bado haijawa jiwe. Zitawanye wakati huo, ukiongeza robo ya kiasi cha kawaida kwa ajili ya zitakazoliwa na ndege au kuoza. Hazitaota. Zitalala, na ule ule mgando na myeyuko ambao ungeng'oa miche utafungua nyufa ndogo ambamo mbegu zitadondokea zenyewe. Usipande hivi kwenye mteremko, kwa sababu maji ya theluji inayoyeyuka huzisomba, na ujue kwamba siku chache za joto lisilotarajiwa katikati ya baridi zinaweza kuziamsha kabla ya wakati. Udongo ukirudi nyuzi 10, zitaanza kuota bila kukungoja, mapema kuliko ambavyo ungeweza kuingia uwanjani na reki bila kuzama kwenye tope. Usiweke dawa ya kuzuia magugu majira hayo ya machipuko, mwagilia kama tulivyoeleza, na madoa yatakayobaki yajazie pukutizi ijayo, siku 45 zikiwa bado zimebaki.